Kigoda cha Koraes: Wagiriki wa London na profesa waliyemlipia

Januari 1924 gazeti la The Times la London lilichapisha barua ya profesa aliyekuwa akiaga kazi yake. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka 34 tu. Arnold Toynbee ndiye mtu wa kwanza kukalia Kigoda cha Koraes katika King's College, yaani nafasi ya uprofesa wa historia, lugha na fasihi ya Wagiriki tangu enzi za Bizanti, dola ya Kikristo ya Wagiriki ya zama za kati, hadi sasa. Kilizinduliwa 1919 kwa fedha zilizochangwa na Wagiriki waliokuwa wakiishi Uingereza, pamoja na ruzuku ya serikali ya Athens. Miaka mitano haijatimia, waliochanga na aliyelipwa walikuwa wamefikishana pabaya, na mmoja ilibidi aondoke. Akaondoka profesa.

Kisa hiki hupendwa vyuoni, na husimuliwa kwa namna moja: msomi jasiri alisema kweli, matajiri wakakasirika, msomi akatolewa kafara. Kikisimuliwa hivyo kinakwisha upesi, na kila msikilizaji anajua amshangilie nani. Mimi naona mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Wachangiaji walikuwa na haki waliyoahidiwa. Profesa alikuwa na kweli aliyoiona kwa macho yake. Mwenye kosa kubwa ni aliyekaa katikati, yaani chuo, kilichopokea fedha pamoja na masharti yake, kisha kikamwajiri mtu bila kumweleza masharti hayo. Na kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji hulipita haraka: jina la kigoda limetaja fasihi, lakini katika kelele zote zile hakuna aliyegombania shairi wala riwaya.

Jina lenyewe

Adamantios Koraes alizaliwa Smyrna (leo Izmir, Uturuki) mwaka 1748, katika familia ya kibiashara yenye asili ya kisiwa cha Chios. Kijana akapelekwa Amsterdam akasimamie biashara, biashara ikamshinda. Akaenda Montpellier kusomea udaktari, na mwaka 1788 akahamia Paris, ambako alikaa hadi alipofariki 1833. Ugiriki huru aliishangilia kwa mbali, hakuwahi kuikanyaga. Kazi yake Paris ilikuwa kuhariri maandishi ya Wagiriki wa kale na kuyatangulizia dibaji ndefu kwa lugha ambayo vijana waliokuwa chini ya utawala wa Waosmani, yaani dola ya Waturuki, wangeielewa, wasome na wajitambue. Na gharama za uchapaji? Zilibebwa na wafanyabiashara. Ndugu wa ukoo wa Zosimas, watu wa Ioannina waliochuma mali Urusi na Italia, ndio waliolipia mfululizo wake mkubwa wa vitabu.

Kwa hiyo Wagiriki wa London walipochagua jina la kukipa kigoda chao, hawakuokota. Walimchagua mtu wa ughaibuni, msomi aliyeishi kwa michango ya watu wa ughaibuni, na ambaye hoja zake juu ya lugha zilikuwa bado zinachemka. Koraes alitaka watu waandike kwa lugha inayosemwa, lakini isafishwe: maneno ya Kituruki na ya Kiitalia yang'olewe, sarufi irudishwe karibu na ya mababu. Wafuasi wake walikwenda mbali kuliko yeye. Kilichozaliwa kiliitwa katharevusa, Kigiriki cha ofisi, mahakama na magazeti, kikasimama upande mmoja. Upande wa pili kikasimama kidemotiki, Kigiriki cha nyumbani na sokoni. Watoto wa shule waliteswa na mgawanyiko huo kwa zaidi ya karne moja. Serikali ilikuja kuuondoa rasmi 1976.

Waliochanga

Mwaka 1822 majeshi ya Osmani yaliiangamiza Chios. Familia za wafanyabiashara zilizonusurika, na nyingine zilizokuwa zimekwisha kutangulia, zilisambaa: Marseille, Odessa, Alexandria, Calcutta, Manchester, Liverpool, London. Ralli, Ionides, Argenti, Rodocanachi: majina haya yalijulikana katika biashara ya pamba, nafaka na hariri kuanzia India hadi Bahari Nyeusi. London walijenga Kanisa la Mtakatifu Sofia katika mtaa wa Bayswater, likakamilika 1879, na jengo lenyewe linaonyesha hawakuwa watu wa kubahatisha mlo. Watoto wao walisoma shule za Kiingereza, wakaoa na kuolewa ndani ya koo zao, na nyumbani wakaendelea kuzungumza Kigiriki.

Ndani ya jamii hii fasihi haikuwa pambo. Alexandros Pallis alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Ralli Brothers. Alifanya kazi Manchester na Bombay, kisha akatua Liverpool. Mchana mizigo na hesabu, usiku tafsiri. Aliitafsiri Iliadi, utenzi wa kale wa Homeri, kwa kidemotiki, halafu akaingia mahali pa hatari zaidi: akatafsiri Injili. Mwaka 1901 gazeti la Akropolis la Athens lilipoanza kuichapisha tafsiri hiyo kwa mafungu, wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani wakidai dini na taifa vimetukanwa. Watu wanane waliuawa, askofu mkuu wa Athens akaondoka, serikali ikaanguka. Argyris Eftaliotis, mwandishi wa hadithi, naye aliajiriwa na Ralli. Petros Vlastos, mzaliwa wa Calcutta, mshairi na mkereketwa wa kidemotiki, naye pia. Kampuni moja ya biashara ilikuwa inalisha, pengine bila kukusudia, kambi nzima ya waasi wa lugha. Na mkuu wa waasi hao, Psycharis, alizaliwa Odessa akafundisha Paris.

Ninalisema hili kwa sababu mara nyingi wanaoandika juu ya fasihi za mataifa huwachukulia walio ughaibuni kama wasomaji wenye hamu ya nyumbani, watu wa kupokea kilichopikwa kwingine. Kwa Kigiriki cha sasa haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya jiko ilikuwa nje.

Sasa, ukiwa mtu wa jamii hiyo, na chuo kikubwa cha mji unaoishi kikakuambia kwamba changia, tufungue kigoda cha lugha na fasihi yenu, hutaona kwamba unatoa sadaka. Utaona unapewa nafasi ya kuwasahihisha wenyeji wako. Waingereza wasomi wa wakati ule walimpenda Mgiriki aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita. Yule aliye hai, mwenye duka la pamba, walimwona kama mjukuu aliyepotea njia. Kigoda kingesema: huyu ni yuleyule, na hapo katikati kuna Bizanti, na hivi ndivyo anavyoandika leo. Ndiyo maana jina likawa refu hivyo. Lilipaswa kuziba pengo la zaidi ya miaka elfu moja kwa mshahara wa mtu mmoja.

Hata Dar es Salaam fedha ya Mgiriki wa ughaibuni iliacha jina. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ulibeba jina la mlowezi wa Kigiriki aliyetajirika Tanganyika, na ndimo Aprili 1953 Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association (TAA). Aliyelipia kuta hakuwa na la kusema juu ya kura iliyopigwa ndani yake. Wachangiaji wa London walidhani wao wanalo.

Aliyechaguliwa

Mtu aliyeusukuma mpango wote alikuwa Ronald Burrows, mkuu wa King's College tangu 1913, msomi wa Kigiriki cha kale, mpenzi wa Ugiriki na rafiki wa waziri mkuu wa nchi hiyo, Eleftherios Venizelos. Burrows alikuwa na kipaji cha kupata fedha za wageni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alianzisha hapohapo chuoni taasisi ya masomo ya Kislavoni, akamleta Tomáš Masaryk kufundisha, kabla Masaryk hajawa rais wa Chekoslovakia. Kwa Burrows, siasa za mataifa madogo na elimu ya juu vilikwenda pamoja, na hakuona haya kulisema hilo. Alifariki 1920. Mambo yalipoharibika, mtu pekee aliyejua kila ahadi aliyompa kila mtu alikuwa kaburini.

Toynbee alionekana anafaa kwa kila kipimo. Alifundishwa Kigiriki na Kilatini Oxford. Mkewe, Rosalind, alikuwa binti wa Gilbert Murray, msomi mashuhuri kuliko wote wa fasihi ya Kigiriki cha kale Uingereza. Wakati wa vita alifanya kazi serikalini, na mwaka 1916 aliandaa, chini ya Lord Bryce, kitabu cha ushahidi juu ya mauaji ya Waarmenia katika dola ya Osmani. Mchangiaji yeyote aliyeisoma kazi hiyo alipumua: huyu Waturuki anawajua. Oktoba 1919 alitoa mhadhara wake wa uzinduzi.

Miezi michache nyuma, tarehe 15 Mei 1919, jeshi la Ugiriki lilikuwa limeshuka Smyrna, kwa idhini ya Uingereza, Ufaransa na Marekani. Kigoda kilizaliwa katika joto hilo, wakati Venizelos alipokuwa anachora Ugiriki ya mabara mawili. Hata lugha ya kufundishia ilikuwa siasa: mwaka 1917 serikali yake iliingiza kidemotiki katika shule za msingi, na aliposhindwa uchaguzi Novemba 1920 warithi wake wakakirudisha nyuma. Ukimuuliza mwalimu wa Kigiriki cha sasa mwaka ule anafundisha Kigiriki kipi, umemuuliza anapigia kura chama gani.

Yalova

Mwanzoni mwa 1921 Toynbee aliomba likizo akaenda kuiona mwenyewe vita ya Wagiriki na Waturuki, akiandikia gazeti la Manchester Guardian. Alianzia upande wa Wagiriki. Akapita Smyrna na maeneo yaliyokuwa mikononi mwa jeshi la Ugiriki, kisha akaenda Istanbul. Huko ndiko habari zilikomkuta.

Kusini mwa Bahari ya Marmara kuna rasi, Yalova ikiwa upande wa kaskazini na Gemlik upande wa kusini. Katika majira ya kuchipua ya 1921 vijiji vya Waislamu katika rasi hiyo vilikuwa vinachomwa kimoja baada ya kingine. Toynbee na mkewe walisafiri huko pamoja na watu wa shirika la misaada la Hilali Nyekundu waliokuwa wakiwachukua wakimbizi kwa meli. Walikuta watu wamesongamana ufukweni na vifurushi vyao, wakingoja kuruhusiwa kupanda, huku maofisa wa Kigiriki wakihesabu nani aende na nani abaki. Alihoji, akaandika, akapeleka gazetini. Hakuwa peke yake: tume ya mataifa washirika ilikwenda, na Maurice Gehri wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu alikwenda nayo. Nao walithibitisha kwamba vijiji viliangamizwa na kwamba jeshi la Ugiriki lilihusika.

Mwaka 1922 akatoa kitabu juu ya Ugiriki, Uturuki na mkono wa mataifa ya Magharibi. Hakikuwa kitabu cha kuwatetea Waturuki. Mauaji yaliyofanywa na Waturuki yamo. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba wazo la taifa moja, watu wa aina moja, mipaka minyoofu, lilitoka Ulaya Magharibi, likaangushwa juu ya nchi ambako kijiji cha Kigiriki na cha Kituruki vilikuwa vinachota maji mto mmoja. Na kwamba London na Paris zilicheza na moto ule zikiwa mbali nao. Lakini wasomaji wa Bayswater hawakuanzia kwenye hoja kuu. Walianzia kwenye dibaji. Humo Toynbee aliandika kwamba anajua itawauma Wagiriki na marafiki zao kuona maneno yasiyoipendelea Ugiriki yakitoka kwa mkaliaji wa kwanza wa Kigoda cha Koraes; hata hivyo, kwa upande wa taaluma, ingekuwa mbaya zaidi kama matokeo ya uchunguzi wake yangeipendelea Ugiriki.

Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Kwa mantiki ni sahihi kabisa: profesa anayelipwa na Wagiriki akisema Wagiriki wana haki, nani atamwamini? Kwa adabu ni kofi. Inamwambia mchangiaji kwamba fedha yako ni doa, na namna pekee ya kuliondoa ni mimi kusema usichopenda. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi.

Hasira na mahali ilipotokea

Ugomvi huu hauwezi kupimwa bila kalenda. Kitabu kilitoka 1922. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo jeshi la Ugiriki lilivunjika Anatolia, upande wa Asia wa Uturuki. Septemba Smyrna ikaungua, mji aliozaliwa Koraes, na mitaa ya Wagiriki na Waarmenia ndiyo iliyoteketea. Mwaka 1923 mkataba wa Lausanne ukapanga kubadilishana watu: Wakristo wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wametoka Uturuki kwenda Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia, na Waislamu karibu 400,000 wakaondolewa Ugiriki kwenda Uturuki. Mgiriki wa London aliyekuwa na shangazi Smyrna alikuwa anasoma orodha za wakimbizi, na pembeni yake kipo kitabu cha profesa anayemlipa, kikieleza ukatili wa askari wa Ugiriki. Kwamba kitabu kiliandikwa kabla ya moto, na kwamba yaliyomo ni kweli, havikuwa na uzito mbele ya mtu wa namna hiyo. Sioni ajabu. Ningetilia shaka utu wake kama angesoma kwa utulivu.

Wachangiaji walikuwa na kamati yao. Miongoni mwa waliokuwa na sauti humo alikuwa Joannes Gennadius, mwanadiplomasia mkongwe aliyeiwakilisha Ugiriki London kwa miaka mingi na mpenzi mkubwa wa vitabu. Mwaka 1922 huohuo alitoa maktaba yake, vitabu vipatavyo 26,000, kwa taasisi ya Wamarekani mjini Athens. Ukisikia neno tajiri mwenye hasira, umfikirie mtu wa namna hii, aliyetumia maisha yake na mali yake kukusanya kila kilichochapishwa juu ya Wagiriki. Hakuwa mjinga wa elimu. Alidhani tu kwamba kigoda ni cha Wagiriki kama vile kanisa la Bayswater lilivyo lao.

Na chuo kilikuwa kimewapa sababu ya kudhani hivyo. Katika makubaliano ya kuanzisha kigoda, kamati ilipewa nafasi ya kufuatilia kazi ya mwenye kigoda. Toynbee aliposhtakiwa alijibu kwamba alipoipokea kazi hakuelezwa kuwapo kwa masharti hayo. Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Wachangiaji wanaamini wana mkataba. Profesa anaamini ana kazi ya chuo kikuu kama profesa mwingine yeyote. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja aliambiwa nusu yake. Burrows, katika juhudi zake za kutafuta fedha, aliwaahidi wenye fedha kitu ambacho hakikusemwa kwa mwenye kuajiriwa. Mkuu wa chuo aliyemfuata, Ernest Barker, alirithi nusu hizo mbili zikiwa zimekwisha kugongana.

Je, chuo kingeweza kusimama na profesa wake? Kingeweza, kwa gharama ya kurudisha fedha na kufunga kigoda. Je, kingeweza kumfukuza? Hapana, bila kujivua nguo mbele ya vyuo vingine. Kilichobaki ni kungoja aondoke mwenyewe. Baadhi ya walimu wenzake hawakumhurumia. Walimwona ametumia jina la kigoda kufanya kazi ya mwandishi wa habari. Kuna ukweli hapo. Hakuna aliyempeleka Anatolia akafundishe Bizanti. Tena chuo hichohicho kilikuwa na kigoda chenye jina la Masaryk, na ni rahisi kuhisi walichokuwa wakikiwaza wale waliotegemea fedha za serikali za nje: leo Wagiriki, kesho nani?

Toynbee alijiuzulu. Hakufa njaa. Alikwenda kwenye taasisi ya mambo ya kimataifa iliyojulikana kwa jina la jengo lake, Chatham House, akakaa huko miongo mitatu, akaandika historia ya staarabu za dunia iliyotoka kwa juzuu 12 kati ya 1934 na 1961. Wanaomlilia kama shahidi wa imani wasilisahau hilo.

Oxford kulikuwa kimya

Linganisha na Oxford. Kigoda cha huko cha Kigiriki cha Bizanti na cha sasa kinaitwa Bywater na Sotheby. Kilitokana na wosia wa Ingram Bywater, msomi aliyefariki 1914, kwa kumbukumbu ya mkewe, Charlotte Sotheby. R. M. Dawkins alikikalia kuanzia 1920 hadi 1939, akakusanya ngano na lahaja za Wagiriki wa Asia Ndogo na visiwani, na hakuna kamati iliyomwandikia barua. Sababu ni nyepesi mno kiasi kwamba watu hawaitaji: mfadhili wa Oxford alikuwa amekufa. Marehemu hana shangazi Smyrna. Aliyemrithi Dawkins, John Mavrogordato, alitoka katika ukoo wa Kigiriki wa London, watu walewale wa Bayswater, na ndiye aliyekuja kutafsiri mashairi ya Cavafy kwa Kiingereza. Mtoto wa jamii akaingia chuoni kwa mlango usio na sharti.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi jamii za ughaibuni zisishirikishwe kabisa, zitoe fedha zikae mbali. Sikubaliani nao. Bila wachangiaji wa London kigoda hakingekuwapo, na bila akina Pallis hata fasihi ya kufundishwa ingekuwa nyembamba zaidi. Kinachotakiwa ni masharti yaandikwe, yasomwe na yule atakayefanya kazi, kabla hajatia saini, na yahusu kitu gani kinafundishwa wala si nini kisemwe juu yake. Kamati ingekuwa na haki ya kuuliza: mbona fasihi haifundishwi? Hilo ni swali halali la mchangiaji. Ajabu ni kwamba hawakuuliza.

Mashairi yalipitia wapi

Wakati London inagombana, mshairi mkubwa wa Kigiriki wa zama zile alikuwa Alexandria, akifanya kazi katika idara ya umwagiliaji ya Misri hadi 1922. Konstantinos Kavafis, au Cavafy kama familia ilivyoliandika jina lake kibiashara, alizaliwa huko 1863. Sehemu ya utoto wake aliishi Liverpool na London, baba yake akiwa amefariki na kampuni ya familia ikiendelea kuporomoka. Hakutoa kitabu cha kuuzwa dukani. Alichapisha mashairi kwenye karatasi mojamoja, akazibana pamoja, akasahihisha maneno kwa kalamu baada ya uchapaji, na akatunza orodha ya nani amepewa nini. Wachangiaji wangeweza kumwona kuwa mtu wao hasa: mtoto wa wafanyabiashara wa ughaibuni, anayewaandika Wagiriki wa Antiokia na Alexandria ya kale, watu wa lahaja zilizochanganyika na damu zilizochanganyika, wenye kujivuna kwa Ugiriki wakiwa mbali nayo.

Waingereza walimjua kupitia E. M. Forster, aliyefanya kazi na Msalaba Mwekundu Alexandria wakati wa vita na kuandika juu yake London mwaka 1919, mwaka uleule wa kigoda. Tafsiri zilifanywa na George Valassopoulo, Mgiriki wa Alexandria. Forster akazizungusha kwa watu aliowaamini, akiwamo Toynbee. Mwaka 1924 shairi la Ithaka likatokea kwa Kiingereza katika jarida la The Criterion la T. S. Eliot. Mwaka wa kujiuzulu ndio mwaka wa Ithaka, na Toynbee amegusa yote mawili. Lakini shairi lilipitia kwa marafiki, barua na bahasha, na kigoda kilichotajwa fasihi kwenye jina lake hakikuwa na sehemu rasmi katika jambo hilo. Toynbee alikuwa mtu wa historia. Burrows alimtaka mtu wa historia. Kamati ilimhukumu kwa historia.

Kigoda kilipata mtu mwingine 1926, F. H. Marshall, mtu wa kazi za kimyakimya. Mwaka 1929 alitoa tafsiri ya tamthilia tatu za Kikreta za kabla kisiwa hakijaingia mikononi mwa Waosmani, dibaji ikaandikwa na Mavrogordato. Sijui wangapi walizisoma, ila hiyo ndiyo kazi ambayo jina la kigoda lilikuwa likiidai tangu mwanzo. Romilly Jenkins, aliyefuata baada ya vita ya pili, alikuwa hasa mtu wa Bizanti, ingawa 1940 alikuwa ameandika kitabu juu ya Dionysios Solomos, mshairi ambaye beti zake zimekuwa wimbo wa taifa la Ugiriki na ambaye alilelewa kwa Kiitalia kuliko Kigiriki. Cyril Mango, mzaliwa wa Istanbul, na Donald Nicol walikuwa wanahistoria wa Bizanti. Mtu ambaye fani yake kuu ni fasihi ya Kigiriki cha sasa alifika 1988: Roderick Beaton, aliyeandika historia ya fasihi hiyo na maisha ya mshairi Giorgos Seferis, akakaa hadi 2018. Ni miaka 69 tangu mhadhara wa uzinduzi.

Wakati huo jamii yenyewe ilikuwa imebadilika. Wagiriki wengi wa London ya leo asili yao ni Kupro. Walikuja kwa wingi miaka ya 1950 na 1960, wengine baada ya uvamizi wa 1974. Koo za Chios zimeyeyuka ndani ya tabaka la juu la Waingereza. Mwanafunzi anayeingia darasa la Kigiriki cha sasa akitokea kaskazini mwa London mara nyingi nyumbani kwao wanasema Kigiriki cha Kupro, na Kigiriki cha Athens amekutana nacho shule ya Jumamosi, kikiwa kigumu na cha kusahihishwasahihishwa. Koraes angemwelewa, Pallis angemtetea.

Tangu 2018 kigoda kimekaliwa na Gonda Van Steen, Mbelgiji, mwanamke wa kwanza kukikalia. Mwaka 2019 alitoa kitabu juu ya watoto wa Kigiriki, zaidi ya 3,000, waliopelekwa Marekani kuasiliwa katika miaka ya vita baridi, wengi kwa karatasi zenye walakini na kwa fedha zilizopita mikononi mwa mawakala. Mambo hayo hayaipambi Ugiriki hata kidogo. Amewasaidia pia baadhi ya watoto hao, ambao sasa ni wazee, katika kudai uraia wao wa Kigiriki, akiwa kwenye kigoda kilekile.